Jina la mkopeshaji lisiporekebishwa, mnada huweza kubatilishwa

MJADALA kuhusu mikopo ya nyumba nchini Marekani kwa kawaida huelemea viwango vya riba. Hata hivyo, ipo nafasi moja fupi katika hati za mikopo hiyo, ile ya jina la mkopeshaji, ambayo imewahi kuziangusha benki kubwa mahakamani.

Mwenye nyumba hukopa kwa kuweka rehani thamani ya sehemu aliyokwisha kuilipia. Lakini si lazima mkopo huo ubaki mikononi mwa aliyeutoa. Huweza kuuzwa, kukusanywa pamoja na mingine na kuuziwa wawekezaji, au benki yenyewe ikamezwa na nyingine. Deni husafiri haraka. Karatasi hufuata nyuma zikichechemea.

Kesi iliyofichua uzembe huo ilitoka jimbo la Massachusetts. Mnamo Julai 5, 2007, benki ya U.S. Bank iliinunua nyumba ya mkopaji mjini Springfield katika mnada ambao yenyewe ndiyo iliyouitisha. Rehani hiyo ilikuwa imehamishwa kwa hati ambayo mahali pa jina la mpokeaji paliachwa patupu. Hati ya kuihamishia benki hiyo ilitiwa sahihi Septemba 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya nyundo kugongwa.

Januari 7, 2011, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba mnada huo ulikuwa batili. Deni halikufutwa, jambo ambalo wengi walioshangilia hukumu hiyo walilisahau. Kilichokataliwa ni benki kuuza nyumba ya mtu kabla ya kumiliki rehani yake.

Texas ilikuwa imejihadhari mapema. Ilipokubali mikopo ya aina hii kuanzia mwaka 1998, iliandika masharti yake ndani ya katiba. Mwenye nyumba hatakiwi kutia sahihi hati yenye nafasi tupu zinazohusu masharti muhimu ya makubaliano. Mkopeshaji anayejulishwa kosa lake asilirekebishe katika siku 60 huweza kupoteza mkopo wote na riba yake. Kama jina la mkopeshaji ni mojawapo ya masharti hayo muhimu, hiyo ni hoja ya mawakili. Karani mwenye busara hatasubiri wamalize kubishana.

Bunge la Marekani nalo, mwaka 2009, liliagiza kwamba anayenunua deni la nyumba anamoishi mkopaji amjulishe katika muda wa siku 30. Mwanya haujazibwa wote. Kanuni inayomkinga kwa siku 60 mkopaji aliyetuma malipo kwa msimamizi wa zamani wa mkopo haihusu mpango wa kuchota fedha kidogo kidogo kwa dhamana ya nyumba.

Wapo Wakenya wengi waliofanya makao Massachusetts na Texas, na baadhi yao wana nyumba huko. Rejista za ardhi za majimbo hayo ziko wazi kwa umma. Barua ya kudai malipo ikitaja jina lisilolingana na lililo katika rejista, mkopaji ana haki ya kumwandikia msimamizi wa mkopo akiuliza deni ni la nani, naye hulazimika kulitaja jina na anwani ya mwenyewe.