Ndege za Kale Zitunzwe Ardhini

Wapenzi wa ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hudai kwamba ndege isiyoruka imekufa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Tarehe 2 Oktoba 2019, huko Connecticut, Marekani, ndege ya mabomu aina ya B-17 iliyokuwa ikitembeza abiria ilianguka. Marubani 2 na abiria 5 wakafa. Mbali na makosa ya urubani, wachunguzi walikuta kasoro katika magineto na plagi. Cheche zikidhoofika, mafuta hayawaki barabara na injini hupoteza nguvu. Basi injini hizo na zingurume uwanjani, wanafunzi wakitazama kwa mbali. Fundi anayezitunza hapo huhifadhi elimu pasipo kuhatarisha roho ya mtu.