Fundi, Nipe Namba Kwanza

Gari halina nguvu, linatetemeka hata likiwa limesimama, na fundi ameshatoa hukumu: injini ifunguliwe yote. Mimi nasema, ngoja kwanza! Sisi waandishi wa programu twajua kwamba anayebadilisha mistari kabla ya kupata kosa huzidisha makosa. Injini nayo ni vivyo hivyo.

Kupima kompresheni si kazi ya siku nzima. Injini ikishapata moto, petroli na umeme wa plagi hukatwa, plagi zote hutolewa, akselereta hukanyagwa hadi chini, kisha stata huzungusha injini huku geji ikipima silinda moja moja. Tuseme injini ya silinda 4 imetoa PSI 170, 165, 90 na 168. Haya, mgonjwa ni silinda ya 3.

Sasa tia humo kijiko kimoja cha chai cha oili, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Silinda 2 jirani zikiwa chini pamoja, anza na gasketi. Zote zikiwa chini, kagua kwanza kama taiming belti imeruka meno.

Tofauti hii ni pesa. Gasketi na valvu hutengenezwa kwa kutoa hedi tu. Ringi hudai pistoni zitoke.

Kwa hivyo, msomaji, omba namba kabla ya kukubali bei. Fundi mzuri hataudhika. Asiyepima anabahatisha, tena kwa pesa zako.