Kona ya Nyumba: Sebule Yetu Tuipake Rangi Gani?

Mwezi huu tuongee habari ya rangi ya sebule, ile wengine wetu wanaita saloni.

Wapo wanaosema: "Sisi tutarudi kwetu, ukuta wa hapa tuupakie nini?" Tunawaelewa. Lakini Lobule ilianza kupokea ndugu zetu Wakongo mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, utoto wake karibu wote umepita ndani ya kuta hizi hizi. Nyumba ya muda nayo ni nyumba. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumekwisha kupewa, na udongo tunaoulima ndio unaopamba nyumba.

Kwanza tufikirie mwanga. Nyumba zetu nyingi zina dirisha moja tu, tena dogo. Ukuta wa giza unameza mwanga, ukuta mweupe unaurudisha ndani. Mtoto atasoma mpaka jioni kabla hatujawasha kibatari au tadooba, moshi utapungua na pesa ya mafuta itabaki. Basi sehemu ya juu tuipake udongo mweupe. Chini, kuanzia sakafuni hadi magotini, tuweke udongo mwekundu, maana hapo ndipo mikono ya watoto na vumbi vinapochafua.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Udongo wa kichuguu unashika vizuri. Tuuchekeche, tuuchanganye na kinyesi cha ng'ombe na maji, halafu tusiribe. Ukikauka na kupasuka, tusiribe tena mpaka nyufa zifunge. Ndipo tunapaka udongo mweupe uliolowekwa na kuchujwa kwa kitambaa. Tujaribu kidogo nyuma ya mlango kwanza, maana rangi ikiwa mbichi huonekana nzito kuliko ikikauka. Kiangazi, Desemba hadi Machi, kuta hukauka haraka.

Udongo mzuri uko wapi? Tuwaulize akina mama wenyeji, Wakakwa na Walugbara. Wengi wa watu wa West Nile nao walikimbilia Kongo na Sudan baada ya vita ya 1979, wakarudi kujenga upya. Habari hii wanaijua. Ila tusichimbe kabla ya kuomba, jamani. Ardhi ina wenyewe, na shimo moja la udongo linaweza kuharibu ujirani wa miaka.

Sasa tahadhari. Wengine wanavunja betri kuukuu za tochi na redio ili wapate rangi nyeusi. Tuache kabisa! Unga ule una kemikali, na vumbi lake likivutwa linaweza kudhuru mwili, hasa wa mtoto anayetambaa na kulamba vidole. Makaa yaliyosagwa yakichanganywa na udongo yanatoa weusi ule ule. Chokaa nayo ni nzuri, lakini inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali wakati wa kuichanganya.

Na rangi ya mafuta ya dukani? Juu ya ukuta wa udongo inazuia unyevu kutoka, mwishowe inabambuka. Tena baadhi ya rangi zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwenye nyumba ya matofali na saruji akitaka kununua, atafute kopo lililoandikwa kwamba halina risasi.

Tukimaliza, tuwaachie watoto wachore ua au mstari pale juu na chini zinapokutana. Wageni wakiuliza ni kazi ya nani, watakuwa na la kujibu.

Tuonane mwezi ujao. Kazi njema!