Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii wa Zanzibar: Tuliyoyaona Getini Falmouth

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale,



Mimi ni mtoto wa Malindi, Unguja, ninayeishi Houston, Texas, kwa miaka mingi sasa. Sina cheo wala kampuni ya utalii, na sikuandikii kuilalamikia ofisi yako. Nakuandikia kwa sababu Desemba 2024 nilimchukua mama yangu aliyekuja kututembelea, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, tukapanda meli ya utalii kwenda Karibiani. Tangu safari ile, kila nikisikia kwamba meli kubwa imetia nanga mbele ya Forodhani, namkumbuka mwanamke mmoja wa Jamaica na shelisheli lake.

Niseme mapema kwamba tulifurahi. Asije mtu akadhani nimekula siku saba, nimelala kwenye shuka zilizonyooshwa na watu wengine, kisha nimerudi kutukana sahani. Watoto waliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, alimaliza wiki nzima hajashika mwiko. Mama alikaa kwenye kibaraza cha kabini yetu na tasbihi yake, akiitazama bahari kama mtu anayemtazama jamaa aliyepotezana naye zamani. Tatizo lake lilikuwa kibla tu. Meli inageuka usiku, na mama akawa kila alfajiri ananiamsha nimtazamie kwenye simu uso uelekee wapi.

Tuliondokea Galveston, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu. Meli ilikuwa na abiria zaidi ya 4,000, na kwenye tezi yake, chini ya jina, iliandikwa NASSAU. Mwanangu akauliza kama ndiko tunakokwenda. Hatukwenda Nassau hata kidogo. Meli nyingi za aina hii huandikishwa Bahamas, Panama au Bermuda, ingawa wakubwa wake wanakaa Florida na abiria wake wengi ni Wamarekani. Bendera ndiyo inayoamua sheria gani ya kazi itamlinda anayeosha vyombo. Lakini bendera hiyo ya kigeni ina sharti lake. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli ya nje kubeba abiria katika safari ya bandari za Marekani peke yake. Ikiwachukua watu Galveston na kuwarudisha Galveston, lazima njiani iguse nchi ya watu wengine. Kwa maneno mengine, meli inavihitaji visiwa kama visiwa vinavyoihitaji meli. Nalitaja hili kwa sababu ukifika visiwani huwezi kulihisi.

Siku ya kwanza tulifanyishwa zoezi la dharura. Abiria wengi walilichukulia kama foleni ya kuchelewesha chakula. Mama peke yake ndiye aliyemsikiliza yule baharia kwa macho na masikio. Aliomba aonyeshwe jaketi okozi, akalivaa, akalivua, akalivaa tena, kisha akauliza kwa Kiswahili, akitaka nitafsiri, kama yapo ya kuwatosha watoto wote. Huhitaji kuelezwa, Mheshimiwa, mwanamke wa Unguja anaogopa nini. Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit Julai 2012, na mama alikwenda matanga ya zote mbili.

Ni katika zoezi hilo tulipokutana na kijana wa Mombasa. Alikuwa mhudumu wa meza, akasikia Kiswahili, akaja mbio: "Shikamoo mama." Mama nusura alie. Kuanzia siku hiyo mama alimwita "mwanangu", na yeye akawa anamletea chai ya tangawizi bila kuombwa. Alitueleza kwamba mkataba wake ni wa miezi tisa, na kwamba bandari nyingi anazijua kwa dirishani tu. Usiku wa kuamkia Jamaica alimwinamia mama akamwambia, "Kesho usiishie madukani. Hapo bado uko melini. Tembea mpaka utoke geti la nje, ndiyo Jamaica."

Sikumwelewa mpaka tuliposhuka.

Bandari yetu ilikuwa Falmouth, iliyo pwani ya kaskazini ya Jamaica, katika parokia ya Trelawny, anakotoka Usain Bolt. Mji ulianzishwa 1769 na ulitajirika kwa sukari iliyolimwa na watumwa. Inasemwa kwamba mwaka 1799 ulikuwa tayari na maji ya bomba, kabla hata ya jiji la New York. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1838, utumwa ulipokwisha kabisa katika makoloni ya Waingereza ya Karibiani, watu wa kanisa la mmisionari William Knibb walizika minyororo na mijeledi ndani ya jeneza. Kwa mtu aliyekulia karibu na Mkunazini, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa, mji kama huo haukuhitaji tangazo. Nilitaka kuuona kuliko fukwe zote.

Gati ya meli ilifunguliwa 2011. Unaposhuka unaingia katika kijiji kilichojengwa kwa ajili yako: kuta zimepakwa rangi za kupendeza, maua, muziki wa reggae kutoka spika zilizofichwa kwenye vichaka, na maduka ya saa, manukato na vito. Pembeni yako uzio, mbele yako mabasi yanayopakia watu kwenda maporomoko ya Dunn's River. Tiketi za mabasi hayo wengi walizinunua melini, na sehemu ya bei hubaki huko huko melini.

Watoto wakataka barafu, nasi tukaingia duka la vito kukimbia jua. Muuzaji, kijana mtanashati, alilitoa jiwe la buluu, akaliweka chini ya taa na kumweleza mama kwamba linapatikana mahali pamoja tu duniani, karibu na mlima Kilimanjaro. Akamuuliza kama amewahi kusikia habari za nchi iitwayo Tanzania.

Mama, na buibui lake, alinitazama nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akasema, "Mwambie nimesikia."

Tulicheka mpaka machozi, lakini usiku sikupata usingizi. Tanzanite haichimbwi kwengine ila Mererani. Aprili 2018 ulizinduliwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuyazunguka machimbo ili isitoroshwe. Jiwe likavuka ukuta ule, likavuka bahari mbili, likaja kuuzwa ndani ya uzio mwingine, na sidhani kama katika bei yake zilikuwemo senti nyingi za kurudi Simanjiro, wala za kutoka getini kuingia Falmouth. Baadaye, kisiwani Cozumel huko Mexico, tulikuta maduka yale yale, majina yale yale, na taa ile ile juu ya jiwe lile lile.

Basi tukatoka geti la nje. Hatua mia hivi, na reggae ya kwenye vichaka ikazimika. Nyumba za mbao na mawe za karne mbili, nyingine zimeezuliwa na miti imeota ndani. Ukiziona utadhani uko Malindi kwenye nyumba ya wakfu iliyogombewa na warithi. Wenye teksi walitukimbilia watatu kwa mpigo. Mmoja alitaka kumsuka binti yangu nywele, mwingine alikuwa na kitu mfukoni ambacho sikutaka kukijua. Mama akasema, "Mapapasi hao." Sitakuficha, Mheshimiwa: bughudha ipo, na najua ndiyo hoja ya kwanza ya wanaojenga nyuzio. Mke wangu alitaka turudi.

Ndipo mama alipoliona jiko la mkaa kando ya njia na mwanamke wa rika lake akigeuza tunda jeusi juu ya moto. Mama alisimama. "Shelisheli!" Yule mwanamke hakujua neno hilo, wala mama hakujua neno la Kiingereza kwa tunda hilo, lakini walielewana vizuri kabisa. Likamenywa ganda lililoungua, likakatwa, tukalila kwa samaki wa chumvi tukiwa tumesimama. Tunda hilo lililetwa Jamaica mwaka 1793 na nahodha Bligh, kutoka Pasifiki, ili watumwa wapate chakula cha bei rahisi. Mama alimweleza, kwa mikono, jinsi sisi tunavyolipika kwa nazi. Yule mama akamweleza, kwa mikono vilevile, kwamba tangu asubuhi sisi ni wa pili kununua. Nyuma yetu, juu ya mapaa ya mji, meli ya watu zaidi ya 4,000 ilionekana kama mtaa mzima uliokuja kuegeshwa.

Saa tisa na nusu alasiri kila mtu alitakiwa awe melini.

Kituo kilichofuata kilikuwa Grand Cayman. Pale hakuna gati ya meli hizi. Hutia nanga nje na abiria hupelekwa pwani kwa boti. Asubuhi nahodha akatangaza kwamba mawimbi ni makubwa, hatutashuka. Alifanya sawa, na mama ndiye aliyemshukuru kuliko wote. Sisi tulirudishiwa ada ya bandari kwenye hesabu zetu za melini, dola chache. Lakini mwenye boti ya kuwapeleka watu kuona samaki aina ya taa, mwenye mgahawa aliyekwishanunua samaki, wao walirudishiwa na nani? Meli ilipiga kona tu. Ndani, bwawa lilikuwa wazi na baa zilijaa zaidi kuliko siku ya bandari.

Tarehe 30 Aprili 2025, wananchi wa Cayman waliulizwa kwa kura ya maoni kama nchi yao ijenge gati ya meli za utalii. Walikataa. Miezi miwili baadaye Mexico ilianza kumtoza kila abiria wa meli hizi dola 5, baada ya mabishano marefu na kampuni zilizotishwa na kiwango cha dola 42. Kwengine wameachia kabisa: Labadee, kaskazini mwa Haiti, ni pwani yenye uzio ambayo kampuni moja ya meli imekuwa ikiikodi tangu 1986, na wapo walioshuka pale wasijue kwamba wamekanyaga Haiti.

Sasa kwetu. Tunasikia huku mbali kwamba shughuli za mizigo zitahamia Mangapwani na bandari ya Malindi ibaki kuwa ya abiria. Kama ni hivyo, basi geti la meli kubwa litakuwa mlangoni kwa mama yangu. Ombi langu ni kwamba, mtakapokaa mezani na wenye meli, msikubali hesabu ya vichwa iwe ndiyo hesabu pekee. Kichwa kilichoshuka saa tatu asubuhi, kikapandishwa basi lililolipiwa melini na kurudishwa saa tisa, kimeacha nini Darajani? Waulizeni meli italala usiku mmoja au la, maana mtalii anayelala bandarini hula Forodhani. Andikeni katika mkataba nani atabeba hasara meli ikighairi kuja wakati muuza urojo kashapika. Na kama lazima pajengwe maduka gatini, muuza kahawa wa Malindi apewe nafasi kabla ya muuza saa kutoka ng'ambo. Watembezaji wapewe mafunzo na vitambulisho, na mapapasi wadhibitiwe, naam, lakini wadhibitiwe na sheria, si kwa kuwafungia mji mzima nje.

Halafu upana wa vichochoro. Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ulijengwa kwa punda na watu wawili kupishana. Meli mbili kwa siku moja ni watu wa kutosha kuufanya usipitike mpaka magharibi. Pangeni meli moja leo, nyingine siku nyingine.

Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, kikiwa cha daraja la 5, mama alinipigia simu kutoka Unguja usiku wa manane wa huku. Hakuuliza habari za meli. Alitaka kujua kama yule mwenye shelisheli yu hai, na mimi sikuwa na jina lake, wala namba, wala njia ya kumtafuta. Tulikaa naye dakika ishirini tu kwa sababu saa tisa na nusu ilikuwa inakaribia.

Ukiwa na nafasi, Mheshimiwa, mama anakaa Malindi, si mbali na bandari. Baada ya alasiri huwa barazani. Yeye ataielezea safari hii vizuri kuliko mimi, na kahawa hutoa bure.

Wako,
Mwana wa Malindi, Houston