Mbugani kwa dola, kwa shilingi na kwa jasho

Likizo ikikaribia, pale chumba cha habari ninakofanyia kazi huzuka swali moja: hivi kwenda mbugani ni shilingi ngapi? Jibu huwa lilelile, "aah, hayo mambo ya Wazungu", kisha tunarudi kwenye Simba na Yanga. Mimi siafiki. Jamani, hesabu zipo, tuzipige.

Tuanze na mwenye dola. Huyu anatua na ndege ndogo ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, analala kwenye hema lenye bafu kando ya mto Rufiji, na usiku mmoja unamtoka kwa mamia ya dola. Sina wivu naye. Aje, alipe, nchi ipate.

Wa pili ni mwenye mshahara, yaani mimi na wewe. Raia analipa kiingilio kwa shilingi, elfu chache tu, wakati mgeni anatozwa makumi ya dola. Kwa hiyo kinachotuumiza si geti, ni gari. Gari la kukodi bei ni ileile mkipanda wawili au saba. Dawa yake ni kuchanga: jazeni viti vyote, bebeni chakula, laleni Mloka, kijiji kilicho jirani na geti la Mtemere, badala ya kulala ndani. Masika msithubutu. Aprili na Mei barabara za Nyerere ni tope na kambi nyingi hufungwa, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata hata barabara kuu ya kusini. Juni hadi Oktoba nyasi zimekauka, wanyama wanasogea kwenye maji, mtawaona bila kuhangaika sana.

Wa tatu ana nauli tu. Naye asikate tamaa. Barabara ya Iringa inakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kaa dirishani, usisinzie: twiga, swala na pundamilia utawaona, na ukibahatika, tembo. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, Dar hadi Morogoro imekuwa jambo la saa mbili hivi, halafu unadaka basi. Hiyo ni safari ya wikiendi kabisa.

Hapo ndipo wengi tungemalizia. Lakini kuna bajeti ya nne, ambayo sijawahi kuiona kwenye kipeperushi chochote cha utalii.

Nendeni bonde la mto Mbwemkuru, Nachingwea na Ruangwa, kwa wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Jirani yao Liwale inapakana na Selous. Wanyama hawasomi ramani, na miaka ya karibuni tembo wamekuwa wakiingia mashambani mkoani Lindi. Mkulima anawaona bila kiingilio, usiku, wakila chakula cha watoto wake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Shamba lililokuwa ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi halikupangiwa kitu. Aliyeuawa, familia yake ilipangiwa kifuta machozi cha shilingi milioni moja. Kwa leo hiyo ni kama dola 400, yaani usiku mmoja wa yule bwana wa kwanza.

Sasa mkulima huyo akitaka kumwona tembo kwa raha, na mwanawe pembeni, afanyeje? Ashuke Nanganga, Mingoyo, Nangurukuru, avuke daraja la Mkapa, apite Kibiti hadi Mloka. Anazunguka mamia ya kilomita kumfuata mnyama aliyemtembelea kwa miguu! Sababu ni kwamba mageti yanayotumika zaidi kwa utalii wa picha yapo kaskazini. Hifadhi ya Nyerere ilipomegwa kutoka Selous mwaka 2019, kusini kulibaki pori la akiba, na huko kuna uwindaji wa kitalii.

Hata mjusi wao yuko mbali. Kilima cha Tendaguru hakiko mbali na Mbwemkuru. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, wakasafirisha takriban tani 250 za mifupa. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Bajeti ya mtoto wa Ruangwa kumwona ni viza na tiketi ya ndege.

Najua kuna atakayesema mkulima anataka chakula, si matembezi. Kweli, na fidia ya haki ndiyo ianze. Lakini mtu hawezi kulinda kwa moyo kitu anachokijua kwa hasara tu. Wenye mamlaka wafungue geti upande wa Liwale, pawe na kambi ya bei ya shilingi, na msimu wa korosho ukiisha mabasi ya shule yapakie watoto wa Nachingwea na Ruangwa. Filamu ya Royal Tour ya 2022 ilizinduliwa Marekani kuwaita wageni. Wenyeji nani atawaita?

Sisi wenye mishahara tusisubiri serikali. Tukichanga gari la watu saba, kiti kimoja tumpe mtoto wa kusini. Nani anaanza?