Gitaa la Korea: usinunue jina, nunua shingo

Minada ya ufuta ikishapita na malipo kuingia, swali la wafanyabiashara wadogo wa Rufiji na Kibiti huwa lile lile: fedha hizi ziende wapi kabla hazijayeyuka? Wengi hukimbilia pikipiki, wengine mabati, wengine duka la reja reja lililo sawasawa na duka la jirani. Wapo pia wanaofikiria vyombo vya muziki vya kukodisha. Harusi na sherehe nyingi hufuata mavuno, na mwenye vyombo vyake hulipwa kabla ya mwimbaji. Kwa hao ndiyo tunaandika wiki hii, hasa wale wa Ngarambe, ambao wakitaka kununua chombo chochote cha maana hulazimika kutoka hadi barabara ya Kilwa na kuifuata mpaka Dar es Salaam.

Katika vyombo hivyo, gitaa la umeme ndilo linalowapotezea watu fedha kwa urahisi zaidi. Spika mbovu hujulikana papo hapo. Gitaa bovu hung'aa dukani, likafika nyumbani likang'aa, na ubovu wake ukajulikana jukwaani usiku. Maoni ya safu hii ni kwamba kwa mwenye mtaji mdogo, gitaa lililotengenezwa Korea ya Kusini miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 ndilo la bei nafuu linalostahili fedha zake, ilimradi mnunuzi ajue urahisi wa bei ile ulitoka wapi.

Kwanza tuone Wakorea waliingiaje sokoni. Kampuni ya Samick ya Incheon ilianza mwaka 1958 na piano, kisha ikaingia kwenye magitaa. Cort ilianza mwaka 1973. Kwa muda mrefu kazi yao ilihesabiwa kuwa ya hali ya chini, na makampuni ya Marekani yaliyotaka gitaa la bei nafuu yalikwenda Japani. Mwaka 1985, baada ya mataifa makubwa kukubaliana mjini New York kuhusu thamani ya dola, sarafu ya Japani ilipanda sana na gitaa la Kijapani likawa ghali. Wamarekani wakavuka bahari kwenda Korea. Fender wakapeleka huko magitaa yao ya Squier, na Epiphone, jina la bei nafuu la Gibson, likawa linatoka kwa wingi kwenye viwanda vya Korea, Samick kikiwa mbele.

Hapo ndipo penye jambo la kibiashara. Kiwanda kimoja kilikuwa kikitengeneza magitaa ya majina mengi. Mafundi wale wale na mashine zile zile zilitoa gitaa lenye jina kubwa la Kimarekani na gitaa lenye jina la Samick lenyewe. Mteja wa Kariakoo anayelipa zaidi kwa sababu ya maandishi ya kichwani mara nyingi analipia rangi. Kwenye Epiphone nyingi za miaka ile, herufi ya mwanzo ya namba iliyo nyuma ya kichwa hutaja kiwanda: S ni Samick, U ni Unsung. Namba hiyo inafaa kusomwa kabla ya jina.

Sasa ubora wenyewe. Gitaa la umeme lina sehemu zinazoweza kubadilishwa na sehemu moja ambayo ikiharibika gitaa limekwisha, nayo ni shingo. Nyuzi sita zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 40 hadi 45, usiku na mchana, mwaka mzima. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto huo, na juu yake mna freti, vile vyuma vyembamba ambavyo vikiwekwa nje ya nafasi hata kwa unene wa ukucha, gitaa haliwezi kupatana na kinanda milele. Wakorea walijifunza kazi hii vizuri. Shingo zao za miti migumu, fimbo zinazozunguka na freti zilizokatwa kwa mashine ndizo zilizowafanya waheshimiwe, na shingo nyingi za miaka ile bado zimenyooka.

Walikobana matumizi ni kwingineko. Vinasa sauti, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, vilikuwa vya gharama ndogo, na sauti yake ni kali kuliko tamu. Vifungo vya sauti ni vidogo na baada ya miaka huanza kukwaruza. Tundu la kuchomekea waya hulegea. Vikaza nyuzi huteleza, na daraja la nyuzi lilitupwa kwa madini laini ambayo nafasi za skrubu zake huliwa upesi. Mwili nao mara nyingi ni plaiwudi iliyopakwa rangi nzito.

Mkasoro atasema hiyo ni orodha ndefu. Lakini itazameni kwa jicho la fundi. Kifungo cha sauti na tundu la waya ni kazi ya fundi redio yeyote mwenye risasi na pasi yake ya kuchomea, hata Ikwiriri. Vikaza nyuzi huuzwa seti nzima na hufungwa kwa skrubu. Shingo iliyopinda kama upinde, fundi huyo hana la kuifanya. Kwa hiyo gitaa la Korea lina kasoro zile hasa ambazo zinatengenezeka huku kwetu. Gitaa jipya la bei ya chini kabisa linalouzwa leo ndani ya boksi pamoja na mkanda na spika ya kuchezea, mara nyingi lina mambo kinyume: vifungo vinang'aa, lakini freti zinakata vidole na shingo haina uhakika.

Hata plaiwudi, ambayo wapiga gitaa wa Ulaya huidharau, kwetu ina utetezi wake. Hewa ya delta ni nzito kwa unyevu, kisha kiangazi hukausha kila kitu. Ubao mmoja mzima huvimba na kusinyaa. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishana, hutulia. Haitoi sauti ya kuandikiwa barua, lakini msimu ujao utaikuta ilivyokuwa. Nyuzi na skrubu ndizo zitakazopata kutu, na hizo ni gharama ndogo kwa anayekumbuka kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Tuwe waangalifu na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Gitaa la bei nafuu la Korea si bidhaa mpya tena. Mishahara ya Korea ilipanda, na viwanda vikahamia Indonesia na China. Samick na Cort zote zilifungua viwanda nje ya nchi katika miaka ya 1990. Mwaka 2007 Cort iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wa viwanda vya Korea, na mgogoro wao haukumalizika hadi mwaka 2019. Viwanda vichache vya Incheon vimebaki, lakini magitaa yake ni ya bei ya juu. Maana yake, anayekuambia leo ana gitaa jipya la Korea kwa bei ya kutupa, ama halikutoka Korea ama halikutoka leo. Utakalolipata ni mtumba, na mtumba hupimwa mmoja mmoja. Sifa ya nchi haiwezi kulinyoosha gitaa lililoachwa juani.

Je, soko lipo? Hapa inabidi kusema bila kupamba. Harusi nyingi za Pwani leo zinaendeshwa na didijei, na singeli haihitaji gitaa hata moja. Mchiriku wa Wazaramo ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, na vikundi vya Dar es Salaam vilikipiga miaka na miaka, maana kilikuwa rahisi na hakikufa. (Hilo pekee lingetosha kuwanyamazisha wanaodhani chombo cha bei ndogo hakiwezi kuzaa muziki wa watu.) Wanaotumia gitaa la umeme ni kwaya za makanisa, vikundi vya taarab vyenye solo na besi, na bendi za dansi. Kwaya na bendi ni nyingi zaidi Mbagala na Dar es Salaam kuliko Ngarambe. Mtu wa Ngarambe anayenunua magitaa matano kwa kutarajia wateja wa kijijini mwake atayatundika ukutani.

Hata hivyo, historia ya muziki wetu inaonyesha nguvu ya mwenye vyombo. Bendi zetu kubwa hazikumiliki vyombo vyao. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika na baadaye ikawa ya DDC. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na gitaa moja zuri lilikuwa mali ya kulindwa kama gari. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipotaka kuunda upya bendi yake ya Safari Sound, aliwachukua Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kutoka Mlimani Park. Mwanamuziki mwenye jina alimfuata mwenye vyombo. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba kipingamizi cha fedha za kigeni kimeondoka, na chombo kimoja kinaweza kununuliwa na mtu mmoja aliyeuza ufuta wake.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu; kila mmoja aweke za kwake. Tuseme gitaa la Korea la mtumba ni shilingi 350,000, matengenezo na nyuzi 80,000, waya 20,000, na amplifaya ndogo 400,000. Jumla ni 850,000. Ukilikodisha kwa 20,000 kwa usiku, mara mbili kwa mwezi, kwa miezi sita ya kiangazi, unapata 240,000 kwa mwaka. Mtaji utarudi baada ya miaka mitatu na nusu, bado hujahesabu nauli, mafuta ya jenereta na kijana wa kulinda vyombo. Hiyo si biashara, ni mapenzi ya muziki, na mapenzi hayana ubaya ila yasiitwe uwekezaji.

Sasa mchukue yule ambaye tayari anakodisha spika, mixa na jenereta. Yeye anahitaji gitaa, matengenezo na waya: 450,000. Kwa mapato yale yale fedha zake zinarudi kabla ya miaka miwili, na kwa kuwa usafiri na mafuta tayari vinalipwa na spika, karibu kila anachopata ni chake. Zaidi ya hapo, kwaya inayohitaji gitaa itamchukua yeye na spika zake badala ya jirani asiye nalo. Huyo ndiye tunayemshauri anunue, na anunue moja la solo au rizimu kwanza. Besi ifuate kama wateja wameiuliza.

Kuna mkasa mmoja wa kibiashara ambao hatuwezi kuupita. Ngarambe, ambayo vitabu vya historia huitaja kwa Kinjikitile na Maji Maji ya mwaka 1905, imo katika ukanda wa misitu ambamo mpingo huota. Mpingo ndio mti wa zumari za orkestra za Ulaya, na hufaa pia kwa ubao wa vidole wa gitaa. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imo chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na tangu mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa katika masharti hayo. Gogo linahitaji karatasi, gitaa lililotengenezwa nalo halihitaji. Kama yuko seremala hodari kati ya Kibiti na Utete anayetafuta bidhaa ya kusafirisha, tofauti hiyo ya masharti aisome mara mbili.

Kwa atakayekwenda mjini kununua, aende na mpigaji anayemwamini na afike mchana. Litazame gitaa kutoka kichwani kuelekea mwilini kama unavyotazama ubao wa mlango: shingo ikiwa imejikunja kama kamba, liache hata kama ni la bure. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati pabaki nafasi ndogo ya kupitisha karatasi. Uliza kama fimbo ya shingo inazunguka, na izungushwe kidogo mbele yako, maana iliyokwama au kukatika huondoa thamani yote. Piga kila freti kwenye kila uzi. Mikwaruzo ya vifungo na tundu lililolegea vitaje kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo vya kupunguzia bei. Kisha lichomekwe kwenye amplifaya, na muuzaji asiyekuwa na umeme siku hiyo mwambie utarudi kesho.