Jiwe Halina Ulinzi

Kijana mmoja wa hapa Jangwani alinijia baada ya sala ya Alasiri, mwenye furaha kubwa. Kidoleni alivaa pete ya fedha yenye jiwe la zambarau liitwalo amethisto. Aliuziwa Kariakoo, akaambiwa kwamba hukinga hasadi, huzuia ulevi na hufungua riziki. Pesa alizotoa zilikuwa za sare na madaftari ya mdogo wake.

Ndugu Waislamu, hatusemi kuwa kuvaa jiwe ni haramu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivaa pete ya fedha, na imepokewa kwamba kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Qur'ani Tukufu imetaja lulu, marijani na yakuti. Mke akijipamba kwa amethisto nyumbani kwake, hana lawama. Tunalolipinga ni kulifanya jiwe kuwa mlinzi.

Hebu tutazame asili ya maneno hayo. Jina amethisto limetoka kwa Wayunani wa kale, na maana yake ni "asiyelewa". Waliamini kuwa mwenye kulivaa angekunywa mvinyo asilewe. Itikadi ya walevi walioabudu masanamu ndiyo anayouziwa leo kijana wa Kiislamu! Atakaye kuepukana na ulevi na aache pombe. Dawa hiyo haina bei.

Na jiwe lenyewe ni nini? Ni madini yale yale yaliyo mengi katika mchanga wa mtoni, yakapata rangi kwa chembe za chuma na mionzi ya asili ya miamba. Zamani lilihesabiwa pamoja na yakuti na zumaridi. Katika karne ya 19 yalipopatikana mengi huko Brazili na Uruguay, bei ikaanguka. Leo hutengenezwa hata viwandani. Je, hiyo kinga nayo ilishuka pamoja na bei?

Tena amethisto ikitiwa katika moto mkali hupoteza zambarau yake, ikageuka manjano. Jiwe lisiloweza kujilinda na moto, litamlinda nani? Desemba 2011 maji ya Msimbazi yalipoingia majumbani Jangwani, hayakumuuliza mtu amevaa pete gani.

Sayyidna Umar (R.A.), alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, alitamka wazi kwamba ajua hilo ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau hakumwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Ikiwa ndivyo kwa jiwe lile tukufu, seuze la dukani?

Wazazi wenzangu, tusiyanyamazie mambo haya kwa kuona haya. Mtoto yule angali hana madaftari, na kaka yake angali anaipangusa pete. Atakaye pambo na anunue kwa pesa ya ziada, baada ya haki za watu wake. Kinga tuiombe kwa Aliyeliumba jiwe.

Wallahu aalam.